Insulini ya mama na famasi ya mtaani kwetu Majengo, Moshi

Mama yangu ana kisukari na hutumia insulini ya kuchanganya, ile nyeupe kama maziwa ambayo chupa yake lazima iviringishwe viganjani kabla ya kuvuta dozi. Zamani nilikuwa nikiinunua katika famasi moja mjini kwa sababu moja tu, kwamba bei yake ilikuwa chini kidogo. Siku moja niliviringisha chupa mpya na dawa ikakataa kuchanganyika. Madonge madogo yalibaki yameng'ang'ania kwenye kioo. Ndipo nilipokumbuka kwamba muuzaji aliichomoa kwenye friji la soda, ikiwa imebanwa na barafu. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na ikishaganda imeharibika hata kama itayeyuka baadaye. Nilipoirudisha niliambiwa kwamba dawa ikitoka dukani hairudishwi. Kanuni hiyo naielewa, lakini dawa iliganda kwao, si kwangu.

Tangu hapo, kwa takriban miaka miwili, nanunua katika famasi ndogo ya huku Majengo, na kilichonivuta ni karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa friji lao. Joto huandikwa humo asubuhi na jioni, na mwandikaji huweka saini yake. Siku mbili zilikuwa zimezungushiwa wino mwekundu: umeme ulikatika, dawa zikahamishiwa kwenye kisanduku cha baridi, na saa zikaandikwa. Wino huo ulinipa imani kuliko safu zote zilizonyooka, kwa sababu karatasi isiyo na doa hata siku moja, kwa umeme wetu huu, ningeitilia shaka.

Wakaguzi waliwahi kuingia nikiwa kwenye foleni. Mfamasia aliwasalimu, akawafungulia mlango wa kaunta, kisha akaendelea kunihudumia bila papara. Walitazama kibali na cheti chake cha usajili ukutani, wakasoma kipimajoto wenyewe badala ya kuamini karatasi, wakaomba ankara za manunuzi na daftari la vyeti vya daktari, wakageuza maboksi kutafuta dawa zilizokwisha muda. Zilizokwisha muda zilikuwepo, lakini zilikuwa zimetengwa kwenye boksi lililofungwa na kuandikwa kwamba haziuzwi, zikisubiri kuteketezwa kwa utaratibu. Wengi wetu hudhani kwamba kazi hii yote ni ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyokuwa ikiitwa TFDA hadi mwaka 2019, ilhali majengo ya famasi na wanataaluma wake husimamiwa na Baraza la Famasi chini ya sheria ya mwaka 2011. TMDA huangalia zaidi ubora na usajili wa dawa zenyewe.

Maelezo ya mfamasia ndiyo huduma ninayoithamini zaidi. Siku ya kwanza aliniuliza, "Kaka, mama anaichoma mwenyewe au anachomwa?" Nilipojibu kwamba anajichoma, aliniomba nije naye. Alimwamkia, akamtaka aoneshe anavyovuta dozi, na akagundua kwamba alikuwa akichoma sehemu ileile ya tumbo kila siku hadi pakawa na uvimbe mgumu, jambo linaloifanya insulini isiingie mwilini sawasawa. Alimwandikia pia tarehe ya kufungua kwenye chupa, ili isitumike kupita wiki nne.

Malalamiko yangu ni mawili. Kaunta ni fupi na haina pa kuzungumza faraghani, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa aibu huishia kunong'ona huku jirani yake akisikiliza. Jingine nililikasirikia kwanza: usiku mmoja mtoto alikuwa na mafua na kikohozi, nikaomba antibiotiki, mtoa dawa akakataa katakata bila cheti na kunielekeza hospitali kama homa itapanda au akihema kwa shida. Homa haikupanda, na mtoto alipona kwa maji na kupumzika. Kukataa kwake sikulalamikii tena, ila lugha yake ingeweza kuwa na upole zaidi kwa mzazi aliyetoka kitandani.

Bei ya insulini hapa ni ya juu kidogo kuliko kule mjini. Dawa huwekwa kwenye mfuko wenye pakiti ya barafu iliyofungiwa kitambaa ili isiguse chupa, nami huirudisha pakiti hiyo mwezi unaofuata.