Kugeuza matatu ya paa la juu kuwa gari la kulala: uzoefu wangu Malindi

Kwa wanaoniuliza kama inafaa kununua matatu iliyotumika na kuigeuza gari la kulala huku kwetu Pwani, jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja: gari lijengwe kwa ajili ya joto na chumvi. Video nyingi zinazofundisha kazi hii ni za watu wa Ulaya, na adui yao ni baridi. Wanashindilia sufu kwenye kuta, wanaziba kila upenyo, wanafunga hita. Ukiwafuata hatua kwa hatua hapa Malindi, gari lako halitalalika mwezi wa Februari, upepo wa kaskazi ukianza kulegea na usiku ukiwa na joto karibu sawa na mchana.

Gari langu ni Toyota HiAce ya paa la juu, ile ndefu na pana: urefu mita 5.38, upana 1.88, na kwenda juu karibu mita 2.28. Umbo hili lilianza kutengenezwa 2004, na kila fundi wa matatu analijua. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza niliyoliacha gari la Ulaya nililokuwa nimeoneshwa, ingawa lilikuwa na nafasi zaidi ndani. Springi, pedi za breki au mkanda wa feni ya HiAce utavipata Malindi, na hata ukiharibikiwa Garsen hutakosa mtu aliyewahi kuifungua injini hiyo.

Wengi walinishauri ninunue ya mizigo, isiyo na madirisha, kwa sababu ni rahisi kuijenga na haivutii macho. Mimi nilitaka matatu, na leo nasisitiza hivyo hivyo. Vioo vya kusukuma pande zote mbili ndivyo vinavyoingiza upepo, na upepo ndio unaomlaza mtu huku. Ila kagua vioo hivyo kwa makini kabla ya kutoa pesa. HiAce nyingi zilifika kutoka Japani zikiwa za mizigo, zikakatwa madirisha na kutiwa viti hapa nchini. Pale bati lilipokatwa, kama fundi hakupaka rangi ya kuzuia kutu, chuma kinaliwa kimyakimya chini ya raba. Vuta raba kidogo kwenye kona ya chini, uingize kucha. Ukiona unga mwekundu, omba punguzo au tafuta gari jingine.

Sehemu ya pili ya kukagua ni sakafu. Viti vya abiria 14 vimefungwa kwa nati zinazopenya bati mpaka chini, na ukiving'oa unabaki na matundu mengi, kila moja likiwa na duara la kutu. Kazi hii nilimpa fundi wa bodi hapa mjini, na nampa alama zote. Hakukimbilia kupaka putti. Alisugua mpaka chuma kikang'aa, akachomelea vipande vya bati kwenye matundu makubwa, akapaka praima yenye zinki, kisha akapaka lami upande wa chini. Nilimlipa zaidi ya tulivyopatana mwanzoni, na ndiyo pesa ambayo mpaka leo siijutii hata shilingi moja.

Useremala ndio sehemu ninayotaka kuieleza kwa kirefu. Maseremala wawili wa fanicha walikuja na futi zao, wakapima, wakachora makabati mazuri ya pembe mraba. Ndani ya gari hakuna pembe mraba. Ukuta unaingia ndani kadiri unavyopanda, paa limepinda pande zote, na hata sakafu ina migongo. Kabati la mraba likiingia humo linaacha mianya nyuma yake, mianya inaweka vumbi na mende, na barabara mbovu ikianza kulitikisa linapiga kelele mpaka skrubu zinalegea.

Nikamwendea mzee mmoja mtengeneza vyombo vya baharini, mtu wa Matondoni kule Lamu ambaye siku hizi anakaa Malindi na kukarabati mashua za wavuvi. Aliingia, akazigonga nguzo za chuma za ukutani kwa kifundo cha kidole, moja baada ya nyingine, na usoni akaonekana kuridhika.

"Ami, kuta hizi utazinyooshaje?"

"Hazinyooki, mwanangu. Haya ni mataruma, mbavu kama za jahazi. Ubao ndio utakaoyafuata."

Na kweli ubao uliyafuata. Alikata kigezo cha kadibodi kwa kila taruma, akakihamishia kwenye plaiwudi ya baharini, akachonga na kujaribu na kuchonga tena mpaka kabati likakaa bila kulazimishwa. Vipande vinavyoshika paa alivikunja taratibu, akivilowesha na kuvibana usiku kucha. Kila skrubu iliyoingia ni ya chuma kisichoshika kutu. Nimeshapita ile njia ya Marafa yenye mashimo, na hakuna mlango wa kabati uliofunguka wala ubao uliolia. Seremala wa nyumba ana ujuzi wake, lakini gari ni kitu kilichopinda na kinachotembea, na mafundi wa vyombo wanajua tangu utotoni jinsi ya kujengea ndani ya kitu cha namna hiyo. Tunao Malindi, tunao Lamu, na kazi ya majahazi imepungua. Watafuteni.

Tulibishana kuhusu mbao. Yeye alitaka mbambakofi kila mahali, na kwa chombo cha baharini ana haki. Mimi niliogopa uzito. Tukakubaliana mbambakofi iwe kwenye kipandio cha mlangoni na nguzo mbili za kitanda, kwingine saiprasi na plaiwudi. Uzito wenyewe haukuwa tatizo kama nilivyohofia. Abiria 14 wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 980 kabla hujahesabu magunia yao, na springi za gari zimezoea hivyo. Vitu vyangu vyote pamoja na maji havifiki huko. Cha kuangalia ni mizani ya kushoto na kulia: betri ikikaa huku, maji yakae kule.

Kitanda ni fremu iliyowambwa kwa kamba, kama vitanda vya nyumbani. Upepo unapita chini ya godoro, kitanda ni chepesi, na kamba ikilegea unaikaza mwenyewe. Godoro nilishonesha la sufi badala ya sponji. Sponji inashika joto la mwili na kulirudisha, sufi inapumua. Inataka kuanikwa juani mara kwa mara, basi. Kitanda kimekwenda na urefu wa gari, kwa sababu upana wa ndani hautoshi mtu mrefu kulala akinyooka.

Elekeza kichwa upande wa mlango wa nyuma. Injini ya HiAce iko chini ya viti vya mbele, na ukiwa umeendesha mchana kutwa, joto lake linaendelea kupanda saa nyingi baada ya kuizima. Niliweka mkeka wa kuzuia joto chini ya viti na pazia zito nyuma ya dereva, na tofauti unaisikia kwa mkono. Mlango wa nyuma wenyewe unafunguka kwenda juu, kwa hiyo mvua ikinyesha una kibaraza cha kupikia bila kununua turubai.

Kuhusu paa: lipake rangi nyeupe. Ndani nilitumia karatasi ya kung'aa, lakini nikaacha nafasi ya sentimita mbili kati yake na bati, maana karatasi hiyo ikigusa bati moja kwa moja inapitisha joto tu. Pamba ya kioo niliikataa. Hewa yetu ina unyevu, pamba ikishika maji inakaa nayo, na bati linaoza bila wewe kuona. Paneli za sola zimeinuliwa juu ya paa, hivyo zinalitia kivuli na upepo unapita katikati. Vishikio vyake ni vya alumini, kwa hiyo tuliweka raba kati yake na chuma cha gari. Alumini na chuma vikigusana kwenye hewa ya chumvi, vinakulana.

Feni ya paani ndiyo kazi iliyoniuma. Karakana iliyokata tundu iliziba ukingo kwa silikoni ya bei rahisi. Jua likaikausha, ikaachia, na masika ya kwanza maji yakaingia mpaka kwenye dari la mzee. Ilibidi kuikwangua yote na kutumia gundi ya kuzibia ya poliyurethani, ile inayotumika kwenye boti. Haijavuja tena. Mwambie fundi mapema ni gundi gani unaitaka, na usimame pale anapoipaka.

Umeme una hesabu, na hesabu inasaidia kuliko maneno ya muuzaji. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 100 inashika wati-saa 1,280, na unaweza kuutumia karibu wote. Ya asidi yenye ukubwa huo ukipita nusu mara kwa mara unaiua. Friji ndogo ya kompresa kwa joto letu inakula wati-saa 600 au zaidi kwa siku, feni ya usiku 200 hivi, taa na simu ni kidogo. Paneli ya wati 200 ikipata saa tano za jua kali inaleta wati-saa 1,000 kwenye karatasi, na kwa kweli kama 750. Inakaribia kutosha. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, jua linapita karibu utosini, kwa hiyo paneli iliyolala bapa haipotezi kitu. Usinunue vishikio vya kuinamisha.

Tatizo ni kwamba paneli inataka jua na wewe unataka mwembe. Niliongeza paneli ya pili isiyofungwa, yenye waya wa mita kumi. Gari linakaa kivulini, paneli inakwenda juani. Hiyo imenifaa kuliko kifaa kingine chochote nilichonunua.

Waya pia. Fundi wa umeme wa magari alinivutia waya wa milimita 1.5 mpaka kwenye friji, mita sita. Friji ya ampea tano hapo inapoteza karibu volti 0.7 njiani, na betri ikishuka kidogo tu friji inajizima ikidhani umeme umekwisha. Kwa waya wa milimita 6 upotevu haufiki volti 0.2. Nililipia mara mbili kazi ambayo ingefanywa mara moja. Kila waya uwe na fyuzi yake karibu na betri, na usiunganishe betri ya lithiamu moja kwa moja na altaneta. Weka kifaa cha kuchajia katikati, la sivyo altaneta itachemka.

Gesi ni mtungi wa kilo 6 kwenye kabati lenye tundu sakafuni, kwani gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatuama chini. Maji ni madumu ya lita 20. Sikufunga tangi, na sioni haja: dumu unaliteka popote, unaliosha, unaliona likichafuka.

Safari zetu nyingi ni za karibu: Mambrui, Marafa, Watamu, na lango la Sala la Tsavo Mashariki. Wakati wa kusi tunageuza mlango wa pembeni uelekee kusini, wakati wa kaskazi tunaugeuza, na feni mara nyingi haiwashwi kabisa. Lamu tunakwenda mpaka Mokowe, gari linabaki bara, sisi tunavuka kwa boti. Mjini Lamu gari halina njia. Popote tunapolala tunabisha hodi kwanza kwa mwenye shamba au mzee wa kijiji, na hatujawahi kufukuzwa.

Tukirudi kutoka ufukweni gari linaoshwa chini yote, kwa maji ya mfereji yanayotoka Baricho. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na kuoshea gari maji hayo ni kulipaka tena kile unachotaka kukitoa.

Makaratasi yalinichosha kuliko kutu. Mstari wa manjano wa matatu, uliowekwa na kanuni za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, mwaka 2004, lazima utoke, leseni ya kubeba abiria ifutwe, na mabadiliko ya rangi, viti na aina ya bodi yapelekwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na gari likaguliwe ili kitabu cha gari kisomeke sawa na gari lenyewe. Bima ilikuwa ngumu zaidi. Wakala wa kwanza alitaka kuniandikia ya gari binafsi la kawaida bila kutaja ujenzi wowote, nikakataa, kwa sababu siku ya ajali hiyo ndiyo nafasi ya kunyimwa fidia. Wa pili aliomba picha, risiti za betri na sola, na kitabu kilichobadilishwa. Kwa hiyo piga picha kila hatua, tunza kila risiti, na umalize ya NTSA kabla hujaenda kwa mtu wa bima.