Ekzosi mpya: kuhamisha sensa ya oksijeni au kuiondoa?

Kwa pikipiki yenye injekta (inayopuliza petroli badala ya kabureta), mafundi wengi wakibadili ekzosi huiondoa sensa inayopima oksijeni kwenye moshi, wakaziba tundu lake na kufunga rezista, kipande kidogo cha kuzuia umeme, ya kuidanganya kompyuta ya injini. Ni haraka, nakubali. Mimi naihamisha kutoka ekzosi ya zamani kwenda mpya. Sensa ya kawaida hutoa takriban volti 0.1 petroli ikipungua kwenye mchanganyiko, 0.9 ikizidi, na kompyuta hurekebisha kwa kipimo hicho. Rezista haipimi kitu.

Kuhamisha kunataka subira, hasa huku Mtwara ambako upepo wa bahari huleta kutu upesi na nyuzi za skrubu ya sensa hukamatana. Chomoa kwanza soketi ya waya, la sivyo waya utajisokota na sensa. Paka dawa ya kulegeza kutu, ngoja, ndipo ufungue. Wakati wa kurudisha, grisi ya kuhimili joto iguse nyuzi tu, ncha ya sensa ibaki kavu kabisa.