Elizabeth na Darcy wanaivana kweli? Kitabu, tamthilia ya 1995 na filamu ya 2005

Wapenzi wa Pride and Prejudice wakianza kubishana, ubishi huishia kwenye sura ya aliyemwigiza Darcy: Colin Firth (1995) au Matthew Macfadyen (2005)? Hilo ni suala la mvuto, na mvuto wanao wote wawili. Gumu ni jingine: ukiwaweka Elizabeth Bennet na Darcy nyumba moja kwa miaka 30, watasikilizana? Riwaya ya Jane Austen, iliyotoka mwaka 1813, inalijibu taratibu kwa sura 61. Skrini haina nafasi hiyo, kwa hiyo hukata, na mahali palipokatwa panaonekana.

Tuanze na posa ya kwanza, sura ya 34. Wapo ndani, kwenye nyumba ya Kasisi Collins, binamu yake Elizabeth, huko Hunsford. Darcy anatamka mapenzi yake, kisha anaingia kwenye maelezo marefu ya jinsi ukoo wa Elizabeth ulivyo chini ya ukoo wake. Anakataliwa. Kesho yake anampa barua, na barua hiyo ndiyo inayojaza sura ya 35. Sura ya 36 haina tukio: ni mwanamke anasoma huku akitembea. Anaikataa barua, anaikunja, haipiti nusu dakika anaifungua tena, anapima kila sentensi inayomhusu Wickham, afisa kijana aliyekuwa akimsema Darcy vibaya. Ndipo anang'amua kwamba Wickham alimmwagia habari zake za ndani wakati hata hawajajuana. Mtu mwenye adabu hafanyi hivyo, na yeye hakuliona kwa sababu alikuwa amefurahia kusifiwa. Penzi lao linaanzia hapa. Mmoja ameweza kujieleza bila kubembeleza, mwenzake ameweza kukiri kosa bila shahidi.

Tamthilia ya BBC ya 1995 ina vipindi sita, na Andrew Davies aliyeandika mswada ameitendea haki barua hiyo. Tunaonyeshwa yaliyompata Georgiana, dada yake Darcy, na Jennifer Ehle, anayemcheza Elizabeth, anapewa muda wa kusoma, kukasirika na kusoma tena. Tatizo lake ni lile bwawa. Firth kujitosa majini na kutokea na shati limemganda mwilini hakumo kitabuni. Kwa Austen, Darcy anatokea tu kwenye njia inayotoka kwenye mazizi ya farasi, na wote wawili wanaiva nyuso kwa haya. Sasa ukitaja Pemberley, makazi ya Darcy, kila mtu anakumbuka shati, ilhali mzigo wa sura ya 43 umebebwa na Bi Reynolds, msimamizi wa nyumba. Anasema amemjua Darcy tangu ana miaka minne na hajawahi kusikia neno kali kutoka kwake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo. Posa ikija, wazee huulizia tabia kwa waliokaa na kijana, hawamuulizi kijana mwenyewe. Tamthilia imemwacha Bi Reynolds aseme yake, ni sisi watazamaji tuliomsahau.

Filamu ya Joe Wright ya 2005 ina saa mbili na dakika chache. Posa imehamishiwa nje, mvua inamwagika, Keira Knightley (Elizabeth) na Macfadyen wanafokeana nyuso zikiwa karibu kugusana. Kwa uigizaji wa mwili, tukio hili halina mpinzani. Bora zaidi ni lile la sekunde chache: Darcy anampa Elizabeth mkono apande gari la farasi, anageuka kuondoka, na kamera inabaki kwenye vidole vyake vikijinyoosha. Hakuna neno, na ujumbe umefika.

Hitilafu iko kwenye tabia. Macfadyen amemcheza Darcy kama mtu mwenye haya, na mtu mwenye haya hahitaji kubadilika, anahitaji kueleweka tu. Darcy wa kitabuni ana kiburi hasa. Katika sura ya 58 anakiri kwamba alilelewa kwa misingi mizuri lakini akaachwa aifuate kwa majivuno, na kwamba Elizabeth ndiye aliyemshusha. Ukiondoa kiburi, kazi yote ya kubadilika inamwangukia mwanamke. Barua nayo imefupishwa mno, kwa hiyo Elizabeth anaonekana kama amelainishwa na sanamu za marumaru za Pemberley.

Kinachokosekana zaidi kwenye filamu hii ni kicheko. Katika sura hiyo hiyo ya 58, wameshakubaliana, Elizabeth anataka kumtania Darcy kuhusu rafiki yake Bingley, kisha anajizuia: huyu bado hajajifunza kuchekwa, na ni mapema mno kuanza. Sentensi moja, na tayari unaiona ndoa yao ilivyo. Kwenye sura ya mwisho Georgiana anashangaa kusikia kaka yake anavyotaniwa na mkewe. Wright ametupa badala yake ukungu wa alfajiri na maneno matamu. Yanapendeza, ila hayatuambii kitu kuhusu Jumanne ya kawaida nyumbani kwao.

Mahali ambapo filamu imekipita kitabu ni kwa Charlotte Lucas, rafiki wa Elizabeth anayekubali kuolewa na Collins. Austen anatupa hesabu zake kwa sauti ya msimulizi, baridi kabisa. Kwenye filamu Charlotte anasimama mbele ya Elizabeth na kusema ana miaka 27, hana fedha, ni mzigo kwa wazazi, na anaogopa. Jane, dada yake Elizabeth, na Bingley wako salama katika matoleo yote, maana wanafanana kama maji na maji. Toleo la 1940, la Greer Garson na Laurence Olivier, limeacha barua na safari ya Pemberley, na Lady Catherine, shangazi wa Darcy anayeipinga ndoa hiyo kitabuni, amegeuzwa kuwa upande wa wapenzi. Litazame kwa ajili ya utani.

Mwenye muda aanze na sura ya 34 hadi 36 (kitabu ni bure mtandaoni, hakimiliki imekwisha), kisha tamthilia, filamu iwe ya mwisho. Ukianza na filamu, utamsoma Darcy kwa sauti ya Macfadyen na kiburi hutakiona. Angalia pia nakala uliyo nayo. Ile ya Marekani ina tukio la ziada la usiku Pemberley, wawili hao wakipigana busu na kujadili Darcy amwite Elizabeth jina gani. Watazamaji wa Uingereza walionyeshwa filamu ikiishia kwa baba yake Elizabeth, peke yake chumbani, akicheka.