Kufundishia mtandaoni: Moodle ya bure au sistimu ya kulipia? Nimekaa nazo zote mbili, haya ndo niliyoyaona

Mi ni mtu wa IT kwenye chuo cha kati huku mkoani, wanafunzi kama 900 hivi, na idara nzima ya IT ni mimi na kijana wa fildi anayekuja na kuondoka. Nasema mapema ujue rivyu hii inatokea wapi, maana wengi wanaosifia hizi sistimu za kufundishia wana timu ya watu kumi na jenereta juu.

Tulianza na ya kulipia. Jina niliache. Ilikuwa nzuri jamani tusidanganyane, unaingia asubuhi kila kitu kimekaa, apu ya simu haigandi, ukikwama unaandika tiketi mtu anakujibu kwa heshima zote. Shida ilikuwa invoisi. Wanahesabu kwa kichwa cha mwanafunzi na wanahesabu kwa dola, sasa 2023 dola zilivyoadimika na shilingi ikawa inashuka tu, ada zinaingia kwa shilingi zilezile, bajeti iliyopitishwa Julai kufika Desemba haitoshi. Tukachelewa kulipa, akaunti ikafungwa ikabaki ya kusoma tu, walimu wanaziona kozi zao kama mandazi kwenye kabati la kioo. Tukaamua kuhamia Moodle, na kuhama sasa ndo nikachoka kabisa: maksi zilitoka kwenye Excel vizuri, ila maswali ambayo walimu walikuwa wametunga miaka mitatu yalitoka kwa mpangilio ambao Moodle iliyakataa karibu yote, tukakaa kuchapa upya swali mojamoja.

Na usidhani haya ni ya sisi wadogo tu. UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nao walianza na WebCT, ya kulipia, WebCT yenyewe 2006 ikamezwa na kampuni ya Blackboard, baadaye UDSM wakaishia kwenye Moodle. Hata Google waliokuwa wanawapa mashule nafasi ya kuhifadhi mafaili bila kikomo, 2022 wakaja na TB 100 kwa taasisi nzima basi. Chuo kama chetu hatuzimalizi hizo, ila mwenye duka akibadili mawazo mteja huulizwi.

Haya, Moodle. Aliianzisha Martin Dougiamas kule Perth, Australia, toleo la 1.0 likatoka 2002, laiseni yake ni GPL, yaani ya programu huria, unadaunlodi unaweka kwenye seva yako hakuna anayekudai senti. Bosi aliposikia hivyo akafurahi sanaaa, na hapo ndo nilipokosea mimi, nilisema "bure" sikumalizia sentensi.

Seva ni hela, hiyo kila mtu anaijua. Ambacho hukiambiwi ni usingizi. Wiki ya kwanza ya asaimenti, dedilaini saa sita usiku, kufika saa nne simu zinaanza, "Mwalimu shikamoo, inakataa". Hawa watoto wanaandika kwa mkono, wanapiga picha na simu, kurasa nne kwenye PDF moja inafika MB 11, na PHP, lugha ambayo Moodle imeandikwa nayo, ikija kama ilivyo inapokea faili la MB 2 tu. Nikaongeza kwenye upload_max_filesize, nikarestati, inakataa. Kumbe kuna post_max_size nayo ina kikomo chake, nikaongeza, inakataa. Kumbe kuna kikomo cha saiti nzima, kuna cha kozi, kuna cha asaimenti yenyewe, na Moodle inafuata kilicho kidogo kuliko vyote, na mwalimu mwenye asaimenti alikuwa ameweka MB 1! Saa tano na dakika hamsini nikasogeza dedilaini mpaka kesho yake, nikalala na laptopu kifuani.

Halafu kuna kron, kile kitu kwenye seva kinachoamsha kazi za nyuma ya pazia kila baada ya muda. Ukisahau kuiweka, kwa macho Moodle inafanya kazi vizuri tu, ila barua pepe za matangazo haziendi. Mwalimu mmoja alitangaza kipindi kimehamia asubuhi, akasimama peke yake na makapeni yake, nani alilaumiwa unamjua.

Ila ikishatulia, mh. Kuna siku umeme ulikata katikati ya kwizi, kompyuta zote 40 za maabara chali, kelele, binti mmoja analia kabisa. Seva yetu haikai chuoni kwa hiyo yenyewe haikujua hata kama kuna mgao. Ulivyorudi wakaloga upya, majibu yapo, kwa sababu kwizi ya Moodle inajisevu kila dakika moja hata usipobonyeza kitu. Saa ya mtihani ilikuwa imeendelea kutembea kwa hiyo nikawaongezea dakika, basi. Na ile apu yake, mtu anadaunlodi notsi kwa wifi ya chuo anaenda kusoma geto bila bando. Kwa mazingira yetu hilo peke yake nampa nyota mbili.

Sura yake kabla ya toleo la 4.0 la 2022 ilikuwa kama fomu ya halmashauri, siku hizi ina nafuu. Kuapgredi bado ni presha, 4.5 inataka PHP 8.1 kwenda juu na ukigusa hapo plagini (vile vinyongeza) za zamani zinazira, chukua bakapu kwanza, databesi na folda la moodledata linalokaa mafaili, vyote viwili, sio kimoja.

Na Canvas, mshindani wa Moodle, wanaiuliza sana. Msimbo wake (source code) uko wazi ndio, ila vyuo vingi vinawalipa wenye nayo, Instructure, waiendeshe, kwa hiyo unarudi kulekule kwenye dola.

Moodle nampa nne kwa tano, ile ya kulipia tatu. Chuo hakina hata mtu mmoja wa kuamshwa usiku? Tumieni Google Classroom msiteseke, kwizi zake ni za kawaida ila haikulazi njaa.

Mhasibu wetu mpaka leo haamini. Kila robo mwaka ananipigia, "Kaka, invoisi ya ile Moodle naidai," nampa ya seva, anaigeuza nyuma na mbele anasema hii siyo.