Chakula cha wazee cha kupelekewa nyumbani Marekani: mlo mzuri, kuupata ndiyo kazi

Kwa kilichomo kwenye sahani, tunaipa huduma hii alama 4 kati ya 5. Inagharimiwa chini ya Sheria ya Wazee wa Marekani ya mwaka 1965, na mlo mmoja lazima utimize angalau theluthi moja ya virutubisho vya siku. Anayestahili ni mwenye miaka 60 na kuendelea asiyeweza kutoka nyumbani kwa urahisi. Mwenzi wake anaweza kuingizwa hata kama hajafikisha umri huo. Mzee huombwa achangie anachoweza, na asipochangia hanyimwi chakula. Hilo aambiwe waziwazi siku ya kwanza, maana bahasha ya mchango hufanana sana na ankara, na mwenye kipato kidogo huweza kujitoa kimyakimya.

Kwa kumfikia mzee mwenyewe, alama ni 2. Utaratibu unamsubiri apige simu kwa wakala wa wazee wa eneo lake, ajibu maswali ya tathmini, kisha mara nyingi aingie kwenye orodha ya kusubiri. Anayepiga ni yule mwenye mtoto au jirani wa kumhimiza. Mjane mwenye masikio mazito, anayeishi ghorofa ya nne bila lifti, hapigi. Sheria inataka watangulizwe wenye uhitaji mkubwa zaidi, lakini orodha inayofuata tarehe ya maombi tu humrudisha nyuma mtu wa aina hiyo.

Vipeperushi havimpati. Wanaompata ni watu anaoonana nao tayari: muuguzi wa nyumbani, mfamasia, mchungaji au imamu, na zaidi ya wote ofisa wa hospitali anayeandaa ruhusa. Mgonjwa hurudi nyumbani dhaifu, jokofu likiwa tupu. Fomu ijazwe akiwa bado wodini, pamoja na namba ya mtu wa pili wa kupigiwa. Asitarajie Medicare ya kawaida, yaani bima ya afya ya serikali kwa wazee, kulipia milo hii.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. Ukimwuliza mzee, "Unahitaji msaada wa chakula?" atakujibu, "Hapana, mimi sijambo." Uliza jana alikula nini na saa ngapi, kama nguo zimeanza kumpwaya, na nani humbebea vitu kutoka dukani. Hapo ukweli hutoka wenyewe.

Akishaandikishwa, mambo madogo ndiyo huharibu. Vidole vyenye baridi yabisi haviwezi kubandua plastiki ya juu ya trei. Anayepeleka aichane pembeni kabla hajaaga. Milo ya wikendi iliyogandishwa haimfai asiye na maikrowevu, kwa hiyo swali hilo liwemo kwenye tathmini. Chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi joto 57 za Selsiasi njiani, cha baridi kisizidi 5. Wengine hula nusu mchana na kuacha nusu mezani kwa ajili ya jioni; nusu hiyo iingie jokofuni ndani ya saa 2.

Anayetembea kwa kushikilia fremu apewe dakika kadhaa kufika mlangoni. Kubisha mara mbili na kuondoka humfanya aandikwe "hayupo" wakati yuko njiani kutoka chumbani. Asipofungua kabisa, mlo usiachwe kizingitini: apigiwe yule mtu wa pili papo hapo, kwani huenda mzee ameanguka ndani.