Waya Usioonekana na Radi za Tororo: Miezi 14 na Uzio wa Kielektroniki wa Mbwa

Malori yanayoelekea Malaba, kwenye mpaka wa Kenya, hayamsubiri mbwa. Nyumba yetu iko nje kidogo ya mji wa Tororo, mashariki mwa Uganda, mahali ambapo njia ya murram inatoka kwenye makazi na kuingia kwenye lami, na katika muda wa miaka mitatu tulikwisha kuzika mbwa wawili kando ya migomba. Kujenga ukuta wa matofali kuzunguka viwanja viwili vya futi 50 kwa 100 vilivyoungana kulikuwa nje ya uwezo wangu, na ua wa michongoma niliourithi kwa mwenye nyumba wa kwanza una mianya ambayo mbwa wanaifahamu kuliko mimi. Ndipo nikanunua uzio wa kielektroniki katika duka moja la Kampala, kwa shilingi 900,000, nikaufunga mwenyewe kwa msaada wa kijana wa shamba.

Hapa kwetu ukitaja uzio wa umeme, watu hufikiria zile nyaya zilizotandazwa juu ya kuta za matajiri pamoja na kibao chenye picha ya fuvu. Huu ni mwingine kabisa. Ndani ya nyumba kuna kisanduku kinachochomekwa ukutani. Kutoka humo waya mwembamba hufukiwa kina cha vidole vichache ardhini, ukazunguka kiwanja chote na kurudi kwenye kisanduku. Na mbwa huvaa shingoni mkanda wenye kipokezi na vijiti viwili vya chuma vinavyogusa ngozi. Waya hauna nguvu ya kumuumiza anayeukanyaga, kwa kuwa unabeba mawimbi hafifu ya redio tu. Mbwa akiukaribia, mkanda unalia. Akipuuza mlio na kusonga mbele, vijiti vinampa mshtuko mfupi. Ubunifu wenyewe si wa jana, kwani hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1973.

Kabla ya kumvika mbwa yeyote, niliuweka mkanda kwenye kifundo cha mkono wangu na kutembea kuelekea mpakani huku wajukuu wakinitazama kutoka barazani. Kiwango cha kwanza nilikisikia kama mwiba mdogo wa mchongoma. Kiwango cha tatu kilinitoa neno ambalo mwalimu mstaafu hapaswi kulitamka mbele ya watoto. Namshauri kila mnunuzi afanye hivyo hivyo, ajue ni kitu gani anachomfunga mnyama wake.

Ufungaji ulituchukua siku mbili, na hesabu yake ni ya kubana. Mzingo wa kiwanja changu ni futi 400, yaani kama mita 122, na waya uliokuja na kifaa ulikuwa wa mita 150. Sehemu inayotoka kwenye kisanduku hadi mpakani lazima iwe nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, ili mawimbi yao yauane na mbwa apite juu yake bila kushtuliwa. Kwa hiyo kila mita ya sehemu hiyo inakula zaidi ya mita mbili za waya. Kisanduku kiko sebuleni, mita 12 kutoka mpakani, nami nilibakiwa na kipande kisichozidi kamba ya kiatu. Penye lango tuliupitisha ndani ya paipu ya plastiki, magari yasije yakaukata. Mwenye kiwanja kimoja tu cha 50 kwa 100 apige hesabu nyingine pia: akiweka eneo la tahadhari la futi sita kila upande, mbwa anabakiwa na futi 38 kwa 88, maana yake theluthi moja ya uwanja imekwenda.

Mwongozo wa kifaa unataka wiki mbili za mafunzo, na hapo ndipo wengi hujipunja. Bendera ndogo nyeupe huchomekwa mpakani ili mbwa aone kile asichoweza kukiona. Siku za mwanzo huongozwa kwa kamba, mshtuko ukiwa umezimwa, asikie mlio tu. Akishausikia huvutwa nyuma na kupewa kipande cha nyama. Dakika 15 asubuhi na 15 jioni zinatosha. Mshtuko huja baadaye, nao kwa kiwango cha chini, na bendera huondolewa taratibu. Jirani mmoja aliyeuona uzio wangu akanunua wake, akamvika mbwa mkanda siku ileile na kumwachia. Mbwa yule aliposhtuliwa hakujua arudi wapi, akakimbilia mbele hadi barabarani, na kwa wiki nzima iliyofuata alikuwa hataki kutoka chini ya ghala.

Mimi nina mbwa wawili. Kunde, jike mdogo wa kienyeji mwenye rangi ya jina lake, alielewa kwa siku tisa. Ameelewa hata kupita kiasi: mita yetu ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, inapolia kwamba yuniti zinakaribia kwisha, yeye hukimbia kutoka mlangoni na kujificha nyuma ya kuni, kwa sababu masikioni mwake mlio ni mlio.

Bosi ni habari nyingine. Ni dume mkubwa, nusu yake ni mbwa wa polisi, na hakuwa amehasiwa. Jioni moja jike wa nyumba ya pili alikuwa kwenye joto, na Bosi alipiga mbio, akatoa ukelele mmoja mpakani, akapita. Shida haikuwa kutoka, bali kurudi. Saa mbili usiku nilimkuta amesimama kwenye murram, futi chache tu nje ya mpaka, mguu mmoja wa mbele ukiwa juu, akilitazama sufuria lake la ugali barazani bila kuthubutu kukanyaga. Taa za lori zilimmulika ubavuni zikapita. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yake alisimama, akamtazama yeye, akanitazama mimi, akasema, "Mwalimu, umemfungia mbwa wako nje."

Alikuwa amesema kweli, nami sijaona kasoro kubwa kuliko hiyo katika kifaa hiki. Mbwa anayetoka ana tamaa ya kumvusha, na mshtuko ni wa nukta moja tu. Anayerudi hana tamaa yenye nguvu kiasi hicho, kwa hiyo uzio uliokusudiwa kumlinda unamweka palepale tulipokuwa tukimwepusha napo. Ilinibidi nimvue mkanda na kumwingiza kwa kamba. Tangu ahasiwe ametulia sana, ila sikuthubutu tena kumtegemezea waya peke yake.

Kasoro nyingine ni kwamba uzio huu unamzuia anayetoka, haumzuii anayeingia. Mbuzi wa watu huja kula majani ya viazi kama kawaida, na mwizi hana mkanda shingoni. Mbwa wazururaji ndio wa kuogopewa zaidi. Mmoja alipita kwenye mwanya wa michongoma akamuuma Kunde sikioni, ndani ya uwanja wake mwenyewe, naye hakuwa na pa kukimbilia kwa kuwa amefundishwa asivuke. Alikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa, na tuliita afisa mifugo akamchanja tena siku iliyofuata. Asiyechanja mbwa wake asianze na waya, aanze na sindano.

Sasa nije kwenye radi, ambayo muuzaji wa Kampala hakuitaja hata kidogo. Tororo ina sifa yake: vipimo vya kati ya mwaka 1967 na 1976 vilihesabu wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Waya wa mita 150 uliofukiwa kuzunguka nyumba ni mtego mzuri wa nguvu hiyo. Katika mvua za Aprili radi ilipiga mahali karibu, hatukuguswa sisi wala paa, lakini kisanduku kilitoa harufu ya plastiki iliyoungua na hakikuwaka tena. Duka lilikataa kukibadilisha, kwa hoja kwamba dhamana haihusu radi, na kweli ilikuwa imeandikwa hivyo, kwa herufi za kuhitaji miwani. Nililipa shilingi 380,000 kwa kisanduku kipya. Siku hizi wingu likianza kutanda juu ya mwamba wa Tororo, natoa plagi ukutani na kuchomoa pia ncha mbili za waya, kwa sababu kukata umeme peke yake hakutoshi. Radi huingia kwa njia ya waya ulioko ardhini.

Kuhusu umeme wa kawaida sina malalamiko mengi. Kisanduku kinatumia nguvu ndogo, na fundi alikiunganisha na betri ya sola ya taa zetu baada ya kuhakikisha kwamba volti zinalingana, kwa hiyo umeme ukikatika mpaka unabaki. Anayeletewa kifaa kutoka Marekani aisome chaja yake kwanza: huko umeme ni wa volti 120 na kwetu ni 240, na chaja isiyoandikwa kwamba inapokea zote mbili itaungua siku ya kwanza.

Lakini adui aliyenitesa kuliko mawingu ni jembe. Waya umekatwa mara tatu, zote wakati wa kupalilia. Kisanduku hupiga kelele waya ukikatika, jambo zuri, lakini hakisemi umekatikia wapi, nasi tulitambaa nusu siku tukitafuta. Kijana wa shamba alijitetea kwa heshima zote: "Mzee, sikuona waya, niliona mzizi." Viungo vya waya lazima vifunikwe visipate maji, la sivyo kutu itakirudisha kilio kabla ya mwezi kuisha.

Mkanda nao unataka macho ya kila siku. Haufai kukaa shingoni zaidi ya saa 12, kwa sababu vijiti vinavyokandamiza sehemu moja huozesha ngozi. Kunde alipata vidonda viwili vidogo nilipozembea wiki moja ya msiba, na chini ya mkanda nilikuta kupe watatu wamejikusanya kivulini.

Wapo wanaosema kifaa hiki ni ukatili mtupu, na huko Wales mikanda ya mshtuko ilipigwa marufuku mwaka 2010, uzio wa aina hii ukiwemo. Siwadharau. Nikiwa na fedha za ukuta, ningejenga ukuta. Lakini mbwa anayesikia mlio na kugeuka, kama Kunde, hajashtuliwa kwa miezi mingi sasa, na mbwa wa majirani ninaowaona wamefungwa mnyororo mchana kutwa chini ya mwembe hawanishawishi kwamba wanaishi vizuri zaidi. Kwa mbwa mtulivu, mwenye chanjo, katika uwanja mpana ambao tayari una ua wa aina fulani, nitausifu uzio huu. Kwa dume asiyehasiwa, kwa mtoto wa mbwa asiyetimiza miezi sita, au kwa kiwanja kisicho na ua wowote, nunua senyenge.

Nami nimeinunua. Upande wa barabara sasa una senyenge ya futi tano na waya umebaki ndani yake, kama ngome ya pili; pande nyingine zinaendelea kama zamani. Kisanduku kimezimwa tangu Jumapili kwa sababu ya mvua, na Kunde bado anasimama palepale bendera ya kona ilipokuwa. Ramani ya waya nimeichora kwa makaa ndani ya mlango wa stoo, mahali majembe yanapotundikwa.