Tathmini ya Malipo ya Korona kwa Wakulima wa Marekani

Mpango wa CFAP, yaani msaada wa fedha kwa wakulima waliopata hasara kutokana na korona, ambao Wizara ya Kilimo ya Marekani ilianza kupokea maombi yake tarehe 26 Mei 2020, ulistahili sifa kwa jambo moja kubwa: ofisi ya wizara hiyo katika kaunti, ambayo mkulima alikuwa ameizoea, ndiyo iliyopokea maombi, hata wakati milango ilipofungwa na watumishi wakahudumia watu kwa miadi ya simu. Mfugaji aliyeuza ng'ombe wa kuchinjwa aliyenoneshwa kati ya Januari 15 na Aprili 15 alikadiriwa dola 214 kwa kila kichwa, ingawa kwanza alipewa asilimia 80 tu ya stahili yake.

Kasoro ya mpango ilikuwa katika mizani ya kugawa malipo. Mazao ambayo bei yake haikushuka kwa angalau asilimia 5 yaliachwa, na kondoo waliozidi miaka miwili hawakuhesabiwa hadi Agosti, jambo lililowaumiza bila sababu wenye makundi madogo. Kwa kuwa malipo yalifuata wingi wa mifugo na mavuno, huku kikomo kikiwa dola 250,000 kwa mtu mmoja, shamba dogo lilipata kidogo, hata kama hasara ililitikisa zaidi.